Saini ya Kutoka

Siku ile mjinga alikuwa fundi viatu, na mwenyewe hakatai.

Yeye na mpenzi wake walikutana miezi mitano kabla, kwenye lango la njia fupi ya mipungate yenye miiba, jangwani pembeni ya mji, wageni wakisukumana. Mwongoza wageni, kofia pana, shati la kaki limenyooka kwa pasi, alimkagua kuanzia chini.

"Kaka, unaingia na makubazi?"

"Nimeyashona mwenyewe, dada."

"Miiba haiheshimu mafundi. Kavae viatu. Na maji yako wapi?"

Kesho yake alirudi na buti na chupa mbili. Yaliyobaki yakafanywa na simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Vumbi. Wewe?"

"Gundi."

Langoni kulikuwa na daftari: ukiingia unatia saini, ukitoka unatia saini. Siku ile fundi alisaini kuingia, pete mfukoni, nywele zimechongwa. Kwenye kona ya kwanza akamwona mpenzi wake kainama shingoni mwa mwanamume, mkono begani. Hakuuliza. Aliruka uzio wa nyuma, akazima simu, akajifungia dukani na wivu wake.

Laiti angesogea hatua kumi, angeona kitana. Mgeni yule aliegemea mpungate, na miiba ya shingoni hung'olewa kwa kitana.

Saa kumi na moja, wakati wa kufunga, jina moja halikuwa na saini ya kutoka. Dada mwongoza wageni alipiga simu mara kumi na tisa. Kisha akachukua maji, akaiacha njia, yeye aliyewakataza watu kuiacha kila siku, akaingia porini akiliita jina hilo. Wenzake walimkuta ameanguka juu ya mpungate. Jicho la kushoto halikupona.

Fundi alimfuata langoni aliporudi kazini, bandeji nyeupe chini ya kofia ileile.

"Ningejua ni kitana tu..."

"Ungeuliza."

"Wivu, mama. Ni kwa kuwa nakupenda."

"Na mimi kule porini nilifuata nini, kuni?"

Fundi akaiweka pete mezani. "Nisamehe. Nikuoe, nikutunze maisha yangu yote."

Dada hakuigusa. Alifunua daftari hadi ukurasa wa siku ile, akamsukumia kalamu.

"Mstari wako bado uko wazi. Tia saini ya kutoka, nisije nikakutafuta tena."