Waangalizi Wangapi

Jioni hiyo Mama Ndege, kama walivyomwita ofisini, alishuka kwenye kinamasi cha hifadhi kuhesabu ndege. Matete yalikuwa yanachipua upya, maji yamefika magotini, na ndege wa mbali walitua makundi kwa makundi. Kazi ya kila mwaka. Ila safari hii alikuwa peke yake, na upweke ulikuwa unamla.

Miaka kumi na tisa alihesabu na mumewe. Yeye hutaja, mume hurudia, kisha yeye hufunga kwa neno moja: "Nimeandika." Bila neno hilo hesabu haikuwa hesabu. Mume mwenyewe, Mungu amrehemu, ndege hakuwajua ng'o. Kila cheupe kwake kilikuwa yangeyange. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mwaka jana mume aliingia kwenye matete kutafuta kiota. Ilipatikana kofia yake tu.

Mama Ndege akapanda ngazi ya kibanda cha mbao, akafungua fomu, akashika darubini. Kwa mazoea, akataja kwa sauti.

"Yangeyange, arobaini na mmoja."

Harufu ya tope ikapanda.

"Arobaini na mmoja."

Kalamu ikamponyoka.

Ilikuwa sauti ya mumewe, na mafua yake yaleyale yasiyopona. Ilitoka kwenye matete, chini kidogo tu.

"Mzee... ni wewe?" akanong'ona.

"Endelea, mke wangu. Giza linaingia."

Akalia kwa furaha. Halafu moyo ukamshtuka, akaona amjaribu.

"Yule mweupe ukingoni ni ndege gani?"

"Domomwiko. Jike. Ana mayai mawili."

Damu ikamganda. Mumewe hakuwahi kumtambua domomwiko hata siku moja.

Chubwi... chubwi... Kitu kilikuwa kinakuja majini, taratibu. Kikasimama chini ya ngazi.

Macho yake yakaangukia mstari wa mwisho wa fomu: Waangalizi wangapi?

"Wawili," sauti ikasema. "Funga hesabu, mke wangu."

Alijua. Akinyamaza, hesabu haifungwi, na kile kitu kitabaki majini. Atarudi nyumbani salama, kwenye kikombe kimoja, kitanda kipana, na redio anayoiwasha ili tu asikie mtu akiongea.

Akaiokota kalamu. Kwenye mstari wa mwisho akaandika: wawili.

"Nimeandika," akasema.

Ngazi ikaanza kulia.