Taa Nyekundu ya Ukumbi wa Pili

Siku mali za studio za Brackwell zilipopigwa mnada, nusu ya London ya magharibi ilifurika pale uani. Wachache walikuja kununua, wengi walikuja kushangaa. Viti vya kifalme vya mbao nyepesi, mapanga ya bati, simba wa plasta, mawigi ya majaji, magauni ya mabibi waliokwisha kufa zamani, vyote vilitandazwa juani kama mitumba. Miaka sitini watu walikuwa wakitengeneza filamu pale. Sasa mwenye mali alikuwa ameamua kwamba duka kubwa la vyakula, lenye maegesho ya magari, litamlipa zaidi.

Nerys Pugh alikuwa amejipenyeza mpaka mbele kabisa. Alikuwa binti wa Wales, fundi wa kunasa sauti za filamu, mwenye nywele nyekundu zisizosikia kitana na koti la rangi ya haradali lililomfika vifundoni. Viti vya kifalme havikumhusu. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku moja la maikrofoni za zamani, na alishajiapiza kwamba haondoki bila hilo.

"Nani anaongeza?" dalali aliita. "Bibie wa koti la njano... na kijana kule nyuma! Nani zaidi? Hakuna? Haya, limekwenda kwa kijana wa nyuma!"

Nerys aligeuka kwa hasira. Kijana wa nyuma alikuwa mweusi, mrefu, amevaa jaketi la ngozi na skafu ya mirabaraba, na mkono wake ulikuwa bado uko juu.

"Wewe kaka! Unajua hata ulichonunua?"

"Nimenunua?" Kijana alishusha mkono polepole. "Mimi nilikuwa namsalimia mzee Hobday, bawabu wa getini pale!"

Watu waliangua kicheko. Nerys naye, aliyekuwa tayari kumng'ata mtu, alijikuta anacheka mpaka machozi.

"Basi niuzie."

"Siuzi."

"Wee! Utalifanyia nini?"

"Tubadilishane. Sanduku liwe lako, nawe uninunulie chipsi. Siki ya kutosha. Na usinyanyuke mezani pale mkahawani mpaka nimalize."

"Una bei kali wewe."

"Nisamehe, bibie, ndiyo kwanza nimeanza biashara sasa hivi."

Alikuwa anaitwa Denzil Alleyne, fundi wa taa, mzaliwa wa mtaa uliopakana na ukuta wa studio. Wazazi wake walitoka Barbados, na marehemu baba yake alikuwa bawabu wa Ukumbi wa Pili, ukumbi mkubwa kuliko yote pale Brackwell. Chipsi ziliisha, wakaagiza chai. Chai ikaisha, wakaagiza nyingine.

"Kumbi nyingi nimerekodi," Nerys alisema, "lakini ukimya wa Ukumbi wa Pili sijauona kwingine."

"Ukimya si ukimya tu?"

"Ebo! Ukimya wa jikoni kwenu na wa kanisani ni mmoja?"

"Jikoni kwetu hakuna ukimya. Hujamjua mama yangu."

Basi ndiyo yakaanza. Simu ya pale Nerys alipopanga ilikuwa kwenye korido, chini ya ngazi, na mwenye nyumba, Bi Treadgold, alikuwa na sauti ya kuuzia samaki. "Nerys! Yule wako wa taa!" Nyumba nzima ikajua. Nerys angeshuka mbio na soksi zake, na wapangaji wote wangepunguza sauti za redio zao ili wasikie vizuri.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mama amepika samaki. Anauliza huyo mwembamba wangu atakuja lini anenepeshwe."

"Mwambie kesho. Na mwambie mwembamba anakula kama farasi."

Mapenzi yao yalikuwa na kazi ndani yake, nayo ilikuwa kuuokoa Ukumbi wa Pili. Waliunda kamati na majirani, wakagonga milango, wakasumbua magazeti, mpaka ofisi ya majengo ya kale kule wizarani ikakubali kumtuma mkaguzi, Bwana Lionel Frayne. Akiingia ndani na kuridhika, ukumbi utawekwa chini ya ulinzi wa sheria na hakuna wa kuugusa. Asipoingia, mitambo ya kubomoa inafika Jumatatu. Bwana Frayne aliwapa miadi ya Alhamisi mchana.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo, Denzil alimfungulia Nerys ukumbi kwa ufunguo wa marehemu baba yake, akafunga tena na kumwacha humo peke yake arekodi ule ukimya, iwapo lolote litatokea. Nerys aliwasha taa nyekundu iliyo juu ya mlango wa nje, kama afanyavyo kila mtu wa kazi hii. Taa ile ikiwaka, ndani kuna kurekodi, na mlango haufunguliwi. Awe mkurugenzi, awe Malkia mwenyewe, atangoja nje. Alipomaliza alitoka kwa mlango wa nyuma, ule unaojifunga wenyewe, akakimbilia stesheni kumpokea mkaguzi.

Alisimama stesheni na mwavuli wake, treni baada ya treni, na mkaguzi hakushuka. Aliporudi, viatu vinavuja maji, alimkuta Denzil amesimama peke yake nje ya Ukumbi wa Pili.

"Bwana Frayne hajaja!" alilalamika.

"Alikuja. Alikuja na gari lake, mapema. Amengoja hapa mpaka akachoka, ameondoka."

"Amengoja nini?"

Denzil alionyesha juu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. "Nilidhani uko ndani unarekodi."

"Na ufunguo?"

"Ninao mfukoni."

"Denzil! Ufunguo mfukoni, mkaguzi ubavuni, na hukufungua mlango?"

"Nerys, taa inawaka! Marehemu baba angefufuka anizabe kibao. Hata wewe usingefungua."

"Taa niliizima mimi mwenyewe!"

"Mbona inawaka?"

Nerys alifungua kinywa, na hapohapo macho yake yakatua kwenye jaketi la Denzil. Kitambulisho kipya kilikuwa kinachungulia mfukoni, na juu yake limechapwa jina la kampuni ya kubomoa.

"Hiki nini?"

"Nilikuwa nikwambie leo jioni. Wamenipa kibarua cha kung'oa nyaya..."

"Wamekupa kibarua." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Denzil alijua hapo hali ni mbaya. "Swichi ya taa iko ndani. Mwenye ufunguo ni wewe. Mimi niliizima, wewe ukaiwasha. Wamekununua, Denzil!"

"Rudia hilo neno."

"Wamekununua!"

Denzil hakupiga kelele. Alifunga zipu ya jaketi mpaka shingoni. "Baba yangu aliulinda mlango huu mpaka siku aliyokufa," alisema. "Nilidhani unanijua." Akaondoka mvuani bila kofia.

Nerys alilia usiku ule mpaka Bi Treadgold akamletea chai bila kuulizwa, na huyo mama si mtu wa kutoa chai bure. Moyo ulimuuma pande mbili, ukumbi upande mmoja na mwanamume upande wa pili, na hakujua upi unaouma zaidi. Hakujua? Wapi! Alijua sana, ila alikuwa hataki kukubali.

Ijumaa asubuhi alichukua mashine yake ya kurekodia, akavaa vipokea sauti masikioni, ajithibitishie kwamba ni yeye mwenye haki. Alikuwa na desturi yake: hazimi mashine mpaka awe nje kabisa, maana aliwahi kuzima mapema na kujuta. Kwa hiyo kila utepe wake wa Ukumbi wa Pili ulikuwa na sauti moja karibu na mwisho, ule mlio mkubwa wa swichi ya taa nyekundu ikizimwa. Alitaka kuusikia mlio ule, kisha ampelekee Denzil ausikie naye.

Alisikia ukimya, mzuri kama alivyoukumbuka. Alisikia koti lake likichakarisha. Alijisikia mwenyewe akinong'ona, "Mungu wangu, treni!" Kisha viatu vyake, mbio, kisha mlango wa nyuma ukijifunga.

Swichi hakuisikia.

Alirudisha utepe, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Haikuwapo. Nerys Pugh, fundi wa sauti, mwanamke aliyewahi kumfokea mtu kwa kukohoa, alikuwa ameacha taa ikiwaka juu ya ukumbi mtupu, kisha akamwita mwenzake msaliti kwa kuitii.

Alishuka ngazi mbili mbili akampigia Bwana Frayne.

"Bwana Frayne, kosa ni langu. Ndani hakukuwa na mtu. Taa niliisahau mimi."

Kulikuwa na kikohozi upande wa pili. "Kumbe tulikuwa tunalinda hewa? Yule kijana alinisimamisha mvuani, akanieleza habari za ukumbi ule mpaka soksi zangu zikalowa. Nikamwambia afungue tu, akanitazama kama nimemwambia aibe."

"Tafadhali, urudi. Leo, kesho, wakati wowote."

"Naweza kesho. Lakini geti linafungwa leo jioni. Watakaoruhusiwa kuingia ni wafanyakazi wa kubomoa tu. Mimi sheria inaniruhusu kuingia, ila nahitaji mtu wa kunifungulia." Alikohoa tena. "Si kijana wako ana kitambulisho chao? Aliniambia alikichukua kile kibarua kwa sababu hiyohiyo, ili mmoja wenu abaki na ruhusa."

Nerys aliegemea ukuta. Kisha alipiga namba nyingine.

"Mama Alleyne, shikamoo. Ni Nerys."

"Marahaba. Nerys yupi? Huyu aliyemwita mwanangu amenunuliwa?"

"Ndiye huyo, mama. Nimekosa."

"Umekosa sana. Hajala tangu jana. Mimi sipiki ili watu wasile." Mkono uliziba simu, lakini sauti ya mama yule haikuzibika. "Denzil! Mwembamba wako! Analia, na akome!"

Simu ilibadilisha mikono. Kisha pumzi aliyoijua.

"Sema," Denzil alisema.

"Sikuzima taa. Nimesikiliza utepe. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilijua tangu jana."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Nerys alikaa kwenye ngazi. "Nisingekuamini. Na ndilo linaloniua. Nilikuonea, Denzil. Nilikuwa naogopa kuupoteza ukumbi, nikakutupa wewe. Nisamehe, mpenzi wangu. Sikuombi kwa ajili ya ukumbi. Bwana Frayne anaweza kurudi kesho, lakini hata usipomfungulia geti, nisamehe tu."

Wapangaji wote walikuwa wamezima redio. Bi Treadgold alikuwa anapangusa kioo kilekile kwa mara ya ngapi sijui.

"Chipsi," Denzil alisema mwishowe.

"Nini?"

"Faini yako. Mwezi mzima. Na siki ya kutosha. Mwambie mkaguzi kesho asubuhi, na avae viatu vya mvua."

"Nakupenda, wewe mtu!"

"Sema tena, mama hakusikia."

"NIMESIKIA!" mama yake alijibu kutoka jikoni.

Jumamosi Denzil alimfungulia Bwana Frayne geti, kisha mlango, na Nerys akaingia nao kama msaidizi wa mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mzee mkavu, koti la mvua limefungwa vifungo vyote. Alitazama kuta zilizofunikwa magodoro ya pamba na madaraja ya mbao juu kwa juu ambako mafundi wa taa walitembea miaka yote ile. Denzil alitaka kueleza. Nerys alimfinya.

"Tusimame tu kidogo, Bwana Frayne," alisema. "Bila kusema."

Wakasimama. Barabara ya malori ilikuwa nyuma tu ya ukuta ule, lakini ndani hapakuwa na hata mnong'ono wake. Mtu aliweza kusikia damu yake mwenyewe. Bwana Frayne alivua kofia, na hakuivaa tena mpaka walipotoka nje.

"Nitaandika nilichokiona," alisema. "Na nisichokisikia. Jibu litatoka kwa wakubwa wangu, siahidi lolote." Akaondoka.

Jumatatu mitambo ikaja. Mtaa mzima ulikuwa getini: mafundi wazee wa studio, mabibi wa kushona magauni wenye pini mdomoni kwa mazoea, Mama Alleyne na kofia yake ya kanisani yenye manyoya, Bi Treadgold na chupa ya chai. Jibu lilikuwa halijafika. Mtambo mkubwa wa njano ulinguruma mpaka madirisha yakatetemeka, mkono wake wa chuma umenyanyuka juu ya paa la Ukumbi wa Pili. Nerys, kwenye koti lake la haradali, alishika mkono wa Denzil kwa nguvu zote.

"Nerys!" Denzil alipiga kelele sikioni mwake.

"Sikusikii!"

"Nasema, hata ukumbi ukianguka leo, mimi siendi popote! Tuoane!"

"Nini?"

"TUOANE!"

Nerys alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, lakini neno kama lile mtu hulitaka tena. Hakuona kwamba mzee Hobday alikuwa ametoka mbio kwenye kibanda chake cha getini, ndala miguuni, akipunga mikono mbele ya mtambo. Hakumwona msimamizi akimwashiria dereva azime. Alivuta pumzi, akamkamata Denzil kwa skafu yake, akapaza sauti kuushinda ule mngurumo:

"NITAOLEWA NA WEWE HATA TUKALALE KWENYE MAEGESHO YA MAGARI!"

Ila mngurumo ulikuwa umekwisha kukatika. Sauti yake ilikwenda peke yake juu ya vichwa vya watu wote, ikagonga ukuta wa Ukumbi wa Pili na kurudi. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje ya kibanda chake, mdomo wazi.

"Hamtalala huko!" mzee Hobday alihema, ameshika mbavu. "Wizara imepiga simu! Hakuna maegesho! Ukumbi hauguswi!"

Mama Alleyne ndiye aliyepiga kelele kwanza, na wote wakafuata. Kofia zilirushwa, mabibi wakakumbatiana na pini zao, Bi Treadgold akammiminia chai dereva wa mtambo. Nerys alikuwa amejificha uso kifuani mwa Denzil kwa aibu, naye Denzil anacheka, amemkumbatia.

"Mtaa mzima umenisikia," Nerys alisema mle ndani ya jaketi.

"Vizuri," Denzil alimjibu. "Sasa huwezi kukana."