Vema Kwenye Swali la Tisa

Kila siku akitoka shuleni, Mwenya alivua sare, akala nshima, ugali wa kwao, na kisamvu, kisha akaosha sufuria. Jumatatu hiyo alijisahau akajisifu.

"Mama, mimi nimeosha sufuria zote."

"Wewe peke yako?" mama yake akauliza bila kugeuka. "Na maji kachota nani? Mkaa kanunua nani? Sema tumeosha. Mtu wa mimi, mimi, atazikwa na nani?"

Ndivyo walivyolelewa katika nyumba ile ya mtaa wa Chimwemwe, mjini Kitwe. Neno "mimi" lilikuwa kama pande kubwa la nyama katika sahani ya wote. Ukilichukua, watu wanakutazama.

Dada yake Chilufya alikuwa amekua na ulimi huohuo, na sasa ulikuwa unamponza. Alikuwa amefaulu mtihani wa mwisho wa uhasibu, akisubiri cheti tu. Ijumaa alikuwa na usaili katika ofisi moja ya ukaguzi wa hesabu pale pale mjini. Nafasi ilikuwa moja. Kibarua chake kwenye kinu cha mahindi kingeisha mwisho wa mwezi, na akikosa nafasi hiyo ingembidi atafute kazi miji ya mbali. Mwenya, aliyelala naye kitanda kimoja tangu aache kunyonya, hakutaka hata kulifikiria jambo hilo.

"Njoo unisaili," Chilufya akamwambia, akimpa karatasi yenye maswali kumi na mawili. "Mwalimu wangu kaniambia ugonjwa wangu. Nasema 'sisi' hata pale nilipofanya kazi peke yangu. Nami sijisikii ninapolisema. Nikisema 'sisi,' chora mkasi, alama ya kosa. Nikisema 'mimi,' weka vema. Usinionee haya."

Mwenya akakaa kwenye kiti cha mama, akakunja uso kama mkubwa wa ofisi. "Haya, bibie. Tueleze kazi moja uliyoifanya ukaionea fahari."

"Tulikagua ghala la mahindi," Chilufya akaanza. "Rundo la magunia lilifika darini. Tukapanda juu, tukakuta katikati ni patupu. Magunia yalipangwa pembeni tu, kuwadanganya wanaohesabu."

"Mlipanda wangapi?"

"Nilipanda peke yangu. Wenzangu waliogopa kuanguka."

"Mkasi!" Mwenya akasema, na wote wawili wakacheka.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Jumanne, wenzake wa netiboli walianza kumwita kutoka nje ya ua.

"We Mwenya! Umeolewa humo ndani?"

Mwenya aliuliza maswali mbiombio, macho yakiwa dirishani. Jumatano hakusikiliza kabisa. Chilufya alijibu huku akitembea chumbani, na Mwenya akateremsha vema kumi na mbili kama anayepanda maharagwe, akatoka mbio. Alhamisi akafanya vilevile.

"Sina mkasi hata mmoja?" Chilufya akauliza, uso umemchangamka.

"Hata mmoja, dada. Umeiva."

Chilufya akamkumbatia. Mwenya aliona aibu kidogo, lakini mpira ulikuwa unamsubiri.

Ijumaa Chilufya alirudi mapema. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka na gauni lake la usaili. Mama akamletea maji.

"Walikuwa wasaili watatu," akasema baada ya kunywa. "Mama mmoja kanihesabia. Kaniambia, 'Umesema sisi mara kumi na moja. Wewe mwenyewe ulifanya nini?' Nikamjibu, 'Tulishirikiana.' Akafunga faili langu."

Hapo akainuka akaleta zile karatasi za mazoezi ya kila siku. Alizitazama kama alivyofundishwa kutazama vitabu vya hesabu za watu. Akaweka kidole kwenye karatasi ya Alhamisi.

"Mwenya. Swali la tisa uliliruka. Hukuniuliza. Mbona lina vema?"

Mwenya alihisi masikio yake yanawaka moto. "Tulikosea, dada," akasema kwa sauti ndogo.

"Tulikosea? Wewe na nani?"

Machozi yalianza kumtoka Mwenya, na hakuna aliyemfuta.

"Kwenye kazi yetu," Chilufya akasema polepole, "vema ni kiapo. Ni kusema nimeona kwa macho yangu. Wewe umenivika kilemba cha ukoka, nami nikaenda nacho mbele za watu. Rundo lako lilikuwa tupu katikati, mdogo wangu, na mimi ndiye niliyelipanda nikaanguka."

Usiku huo Chilufya alilala akiwa ameelekea ukutani.

Baada ya wiki tatu akaitwa kwenye usaili mwingine, Chipata, upande wa pili wa nchi. Mwenya mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi na kalamu. Wenzake waliita nje hadi wakachoka. Siku ya kwanza alichora mikasi tisa, na Chilufya akamkasirikia. Siku ya pili minne. Siku ya tano, dada yake alisema "Nilipanda peke yangu" bila kusita, na Mwenya akaweka vema huku akijua anachokifanya. Kila vema ya kweli ilikuwa inamsogeza dada yake mbali.

Chilufya alipata kazi Chipata. Alifunga sanduku lake, akamwachia Mwenya kalamu ile, akaondoka. Mwenya akabaki na kitanda kizima.

Jumatatu iliyofuata mama alirudi kutoka sokoni, akakuta nyumba imefagiliwa.

"Maji kachota nani?" akauliza.

"Mimi."

"Sufuria je?"

"Mimi. Hakuna mwingine, mama."

Mama hakumkemea. Alikaa karibu naye, akatazama pale lilipokaa sanduku la Chilufya.

"Nimewafundisha kusema 'sisi' ili msijivune," akasema. "Sikuwaambia mjifiche humo, na hilo ni kosa langu. Kazi uliyoifanya peke yako, sema mimi. Na kosa ulilolifanya peke yako, sema mimi kwanza, kabla hujaulizwa."

Mwenya akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemkosesha dada kazi ya hapa," akasema.

"Ndiyo," mama akajibu. "Ni wewe."