Alinisema kwa Maombi, Nami Nikaitikia Amina

Nina miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa nguo hapa Tuwan, Kitale, na ni mama wa wasichana watatu. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Ungepita kwetu jioni ungesikia tukiimba, kisha ungesikia sauti yake nzito ikiomba, na ungejiambia kwamba hapo ndipo penye amani. Majirani wengi walijiambia hivyo. Mmoja hata aliniuliza nilifunga na kuomba vipi mpaka nikapata bwana wa aina ile... Nilicheka tu. Ningemwambia nini?

Naandika haya nikiwa nimechoka, wasomaji wenzangu. Sitafuti huruma. Nimeona tu kwamba kuna kosa tunalolifanya sisi watu wa kanisa, tena tunalifanya tukiwa tumepiga magoti.

Mimi ni mzaliwa wa Kabuchai, kule Bungoma. Mume wangu, ambaye mimi humwita Baba Nekesa kwa jina la kifungua mimba wetu, kwao ni Tongaren. Tulipooana alikuwa dereva wa lori la mahindi, na kazi ndiyo iliyotuleta Kitale. Miaka ya kwanza tuliongea mpaka chai ikapoa kwenye vikombe. Sijui hasa tuliacha lini. Hatukuwahi kugombana sana. Kila binti alipozaliwa maneno yalipungua kidogo, na wa tatu alipokuja, Baba Nekesa alifika hospitalini, akamtazama mtoto, akaomba, akaondoka.

Tangu hapo akawa hanisemeshi! Hakunitukana, wala hajawahi kuniinulia mkono. Alinyamaza tu. Nikiweka chakula, anakula. Nikimuuliza jambo, anaangalia simu yake. Unajua kuishi na mtu anayekupita sebuleni kama kiti?

Lakini jioni, tukishamaliza kula na kupiga magoti kwa ibada ya nyumbani, ulimi wake ulifunguka! "Baba wa mbinguni, mguse mama wa nyumba hii. Mpe moyo wa kupenda wageni, kwa maana wakwe zake walikuja na hakuwachinjia kuku."

Hebu jiweke mahali pangu. Umefumba macho, watoto wako wako kando yako, na mumeo anakushtaki kwa Mungu. Utajibu nini? Utamkatiza mtu akiomba? Sisi tumelelewa kwamba hilo halifanyiki, hata nyumba ikishika moto. Unangoja amalize, kisha unaitikia Amina.

Mwishowe nami niliujua mchezo. Zamu yangu ya kuomba ikifika, nilisema, "Bwana, wakumbuke akina baba waliosahau kwamba gesi imeisha." Wasichana walicheka kwa pua. Kesho yake gesi ililetwa, bila neno. Basi hiyo ndiyo ikawa simu yetu. Paa likivuja, tulimwambia Mungu. Akitaka shati la safari lipigwe pasi, alimwambia Mungu. Mnacheka? Hata mimi nilicheka, peke yangu, na cherehani yangu.

Sikujua kwamba kuna kitu kilikuwa kikinitoka. Nikiwa peke yangu chumbani, nikijaribu kuomba, hakuna neno lililokuja ila yale ya kumchoma Baba Nekesa. Nilikuwa nikiomba huku nikifikiria atakavyonuna.

Ndipo ikaja ile jioni...

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tongaren kututembelea, na akina mama wawili wa ushirika wetu walikuwepo. Safari hii kuku nilichinja! Tulikula, tukaimba, tukapiga magoti. Baba Nekesa aliomba kwa muda mrefu, akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa mavuno. Kisha akasema, "Na zaidi ya yote, Bwana, tunakushukuru kwa sababu Simiyu amerudi katika boma letu. Mlinde, pamoja na mama yake."

"Amina!" mama mkwe akadakia, kwa sauti ya mtu aliye arusini.

Wasomaji, Simiyu lilikuwa jina la marehemu baba mkwe wangu. Kwetu sisi Wabukusu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Mwanamume akisema baba yake amerudi, maana yake amepata mtoto wa kiume na amempa jina hilo. Na mimi sikuwa nimezaa mvulana!

Nilibaki kwenye magoti yangu, macho yamefumbwa, masikio yakivuma. Mmoja wa wale akina mama alikohoa. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kuinuka nipindue meza... Lakini maombi yalifika mwisho, kila mtu akaitikia, na mdomo wangu nao, kwa mazoea tu, ukasema Amina. Nilimshukuru Mungu kwa mtoto wa mwanamke mwingine wa mume wangu, sebuleni kwangu, mbele ya wageni. Kisha nikainuka kwenda kuwatilia chai!

Mama mkwe alinifuata jikoni. Nilidhani anakuja kunifariji. "Usijisumbue, mama," aliniambia. "Mtoto ni baraka. Si hata wewe umeitikia?"

Habari ilienea Tuwan kabla sijaosha vyombo. Kesho yake walikuja kibandani kwangu wateja ambao sijawahi kuwaona, mmoja na sketi ya kupunguza, mwingine na zipu, ila macho yao yalikuwa usoni kwangu. Nilipofunga kazi nilikuwa nimeshona mkono wa blauzi ya mtu ndani nje.

Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza, akasugua paji la uso, akasema mzee anaheshimika sana na mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Akaniambia niongeze maombi. Niongeze yapi? Presha ilipanda, usingizi ukaniruka. Kanisani wengine wakiomba kwa machozi, mimi nilitazama viatu vya waliokuwa mbele yangu. Kuachwa na mume kunauma. Lakini kukosa hata wa kumlilia... hilo sikuwa nimelijua!

Aliyenimaliza kabisa ni Nekesa, binti yangu mkubwa. Jumapili moja alikataa kuvaa aende kanisani. Nilipomuuliza sababu alisema, "Mum, kama Mungu ndiye hubeba hayo maneno yenu yote, mimi sitaki kuongea na yeye."

Nilifunga nguo zangu nikaenda Kabuchai kwa senge, yaani dada ya baba yangu, ambaye ndiye mzazi niliyebaki naye. Ni mjane, ana shamba la miwa na mahindi, na akiomba hata kuku hunyamaza. Nilitaka aniwekee mikono kichwani aombe kwa sauti kubwa. Badala yake alinipa ungo wa maharagwe nichambue, akakaa kwenye kigoda akaniambia, haya, sema.

Nilimweleza yote. Hebu sikieni, alicheka! Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Nilikasirika karibu nimwage yale maharagwe.

"Ati mnaomba?" akasema. "Nyinyi mnatumiana salamu tu. Mungu mmemfanya bodaboda, bana! Anatoa mzigo kwako anapelekea huyo, anatoa kwa huyo anakuletea wewe."

Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Mwanangu, ni lini ulimwambia Mungu kitu chenye hutaki bwana yako asikie?"

Senge alichukua jembe lake akaenda zake shambani, akaniacha na ungo.

Sikupiga magoti. Sikufumba macho. Nilianza kusema taratibu, kwa Kibukusu cha utotoni, huku vidole vikitoa vijiwe. Nilisema nimechoka. Nilisema namchukia Baba Nekesa, na mama yake, na yule mwanamke nisiyemjua. Halafu likatoka ambalo hata mimi sikulijua: kwamba sikumwonea wivu kwa sababu ya mtoto wa kiume. Nilimwonea wivu kwa kuwa lazima huyo anaongeleshwa! Mtu humwambia habari za asubuhi! Nililia, wasomaji, nililia maharagwe yakalowa. Na sikuomba mume wangu abadilishwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, hakuwa ndani ya maombi yangu kama msikilizaji.

Sikusikia sauti, wala sikuona ajabu lolote. Nilihisi tu nimesikilizwa mpaka mwisho, na kwamba niliyoyasema hayapelekwi kwa mtu mwingine. Yule niliyekuwa nimemgeuza tarishi alikuwa amekaa hapo akinisikiliza mimi. Matumaini yangu yalianzia hapo, nikiwa na mafua ya kulia.

Niliporudi Kitale tulikula, tukaimba, tukapiga magoti kama kawaida. Baba Nekesa akaanza, "Bwana, tunakushukuru kwa kumrudisha mama. Sasa mnyenyekeze, aipokee familia yake yote..."

Nilifumbua macho.

"Baba Nekesa," nikasema.

Wasichana walinitazama kama nimevunja kioo cha kanisa. Yeye akajaribu kuendelea, "Ee Bwana..."

"Mungu ameshasikia," nikamwambia. "Mimi niko hapa. Niambie mimi."

Alifumbua macho. Nilikuwa nimesahau rangi yao. "Unataka niseme nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo mno, si ile ya mzee wa kanisa. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu huyu anaogopa. Miaka yote hiyo alikuwa amejificha nyuma ya Mungu kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake.

Niliwaambia wasichana waende chumbani, tukaongea. Alikiri kwamba yule mwanamke na mtoto wanaishi kwao Tongaren, kwamba ni aibu iliyomfunga mdomo, na kwamba alidhani nikisikia kwa maombi sitaweza kukasirika. Nilimwambia nimekasirika sana. Nilimwambia hatanigusa mpaka tupimwe hospitalini, kwamba atajipeleka mwenyewe mbele ya wazee wenzake, na kwamba mambo ya Tongaren yakizungumzwa na familia nami nitakuwa nimeketi pale. Kuhusu mtoto nilisema hana kosa.

Mnataka niwaambie aliokoka upya tukafunga arusi ya pili? La. Alisimamishwa uzee wa kanisa, na kwa hilo bado ananilaumu. Tongaren bado huenda. Yako aliyoyatimiza, yako aliyoyakwepa, na kuna siku mimi huulizia nauli ya Bungoma na kufikiria kuondoka kabisa. Siku ikifika nitaondoka, na sitaona nimemkosea Mungu. Ila tukiongea sasa tunaangaliana, hata kama ni maneno machungu. Na jioni kila mtu huomba yake moyoni.

Nekesa hajarudi kanisani. Lakini juzi nilimkuta jikoni amekaa peke yake, sufuria imeepuliwa, ametulia kabisa. Nikamuuliza ana nini. "Ngoja kidogo, Mum," akasema. "Naongea." Nilirudisha mlango polepole nikaenda zangu.

Dada zangu, na nyinyi akina kaka, nawasihi! Ukiwa na neno na mwenzio, mwambie macho kwa macho. Usimrushie mawe ukiwa umesimama nyuma ya madhabahu. Na kama wako anakupiga, mimi sina maneno mengi: toka kwanza, utaomba ukishafika mahali salama. Msikubali mtu yeyote, awe mume, mama mkwe au mchungaji, akae katikati yenu na Mungu mpaka mkose pa kupita. Mimi nilikubali, na ilibaki kidogo nipoteze kila kitu.

Bado nimechoka, siwadanganyi. Lakini siku hizi nikichoka, nina wa kumwambia.