Dawa ya Mzee wa Chumba cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu, muuguzi anayewapunguzia maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, wenzake wakimcheka. Mchana mmoja alimpelekea dawa nyumbani mzee aliyebaki mifupa na ngozi. Binti wa mzee ndiye aliyemfungulia mlango.

"Karibu, dada. Lakini usimwonee huruma," alisema. "Mama yetu alikufa kwa ngumi zake."

Kwa muuguzi, mgonjwa ni mgonjwa; akaingia chumba cha nyuma alikolala mzee. Alipomaliza kumnywesha dawa, umeme ukakatika, na chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Ndipo aliposikia ngumi zikitua, puu! puu! Mfupa ukaalika kama ukuni mkavu. Mzee akagumia. Muuguzi alikishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, akapiga mayowe hadi sauti ikamkauka.

Taa iliporudi, taya la mzee lilikuwa limevunjika. Binti alisimama mlangoni, machozi yakimtoka.

"Asante, dada," alinong'ona. "Sisi tulishindwa."

Muuguzi akaitazama mikono yake. Bado ilikuwa imeng'ang'ania kile chuma, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, vinachuruzika damu.