Sauti ya Jescah Ndani ya Kamera ya Wanzala

"Mzee wangu asijue."

"Hatajua, mama."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mke wangu, Jescah. Ya pili ilikuwa ya Wanzala, mwenye kamera niliyoishika.

Nikaizima.

Msinihukumu bado. Ngoja niwaeleze.

Mimi ni Shikanga, napiga video za mapigano ya mafahali huku Malinya. Shule niliachia darasa la sita, lakini kamera imelisha watoto wangu miaka kumi na minane.

Mzee mmoja mfugaji wa mafahali alikuwa amefariki. Jumamosi mafahali wangeletwa bomani kwake wapigane, ndivyo tunavyomuaga mtu kama huyo. Video ilikuwa kazi yangu. Nikiiharibu, hakuna boma lingeniita tena.

Na video zangu zilikuwa zinatoka na ukungu. Nikasema kamera imeharibika.

Phanuel, rafiki yangu, naye ni mpiga video. Aliishika kamera yangu, akatingisha kichwa.

"Lenzi imekufa, ndugu. Chukua yangu. Elfu thelathini na tano."

Nilikuwa na elfu arobaini tu.

Ya Wanzala, fundi wa kamera mjini Kakamega, ilikuwa arobaini kamili. Inavuta karibu jicho la fahali ukiwa umesimama nje ya uwanja, lakini betri ni moja. Ya Phanuel ina betri tatu, ila ukivuta mbali picha inakuwa uji.

"Ya Wanzala ilianguka kwa maji," Phanuel akaninong'oneza.

"Muulize Phanuel kwa nini anauza yake," Wanzala naye akasema.

Nimuamini nani?

Halafu mke wangu, ambaye hajawahi kujali kamera, kila jioni ni wimbo mmoja: "Baba Mideva, nunua ya Wanzala."

Kwa nini? Anakatiwa ngapi hapo? Ama si pesa...

Alhamisi Wanzala akaniachia yake niijaribu nyumbani. Nikabonyeza nione kilichorekodiwa humo. Ndipo nikasikia sauti hizo.

Nikaenda jikoni. Alikuwa anachambua mboga.

"Mama Mideva, Wanzala ni nani wako?"

"Ni fundi."

"Asijue nini? Nimesikia sauti yako humu."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Umesikiza mpaka mwisho?"

"Nimesikia ya kutosha."

"Wewe unasikianga neno moja unakasirika. Washa."

Nikawasha.

"Nimekurekodi na hii yangu na hiyo ya mzee uliyoleta," Wanzala alisema. "Zote safi. Kamera yake haina ugonjwa. Ni ya kulenga kwa mkono mpaka picha ing'ae, na anayelenga haoni."

"Najua," mke wangu akamjibu. "Juzi alifukuza mfuko wa plastiki akidhani ni kuku wa jirani. Nikimwambia macho, atagomba. Yako si inajilenga yenyewe? Basi muuzie hiyo."

"Ulikuwa mfuko?" nikauliza.

"Wa bluu, Baba Mideva."

Ijumaa nikapimwa macho mjini. Miwani, elfu sita. Kamera ya Wanzala nikairudisha, na hakuninunia.

Jumamosi mafahali wawili walipogongana, niliona hadi povu mdomoni. Phanuel akaja akasimama kando yangu.

"Hukununua yoyote?"

"Yangu ni nzima."

Akaitazama miwani, akacheka kidogo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ndugu, ningekuambia, nani angenunua yangu?"

Hakuona hata aibu.

Wenzangu mnaosoma, kamera ikianza kutoa ukungu, mpe kwanza mtu mwenye macho mazuri ailenge, kisha ndipo utoe pesa.

Na mchunguze anayekubali haraka kila unachosema. Mke wangu alinificha, nikamshuku bure. Phanuel alinipa jibu nililotaka kusikia, kumbe alikuwa anauza.