Maua Yaliyoruka Uzio

Mama Miche aliuza miche ya maua, na wateja walimjua kwa kichaka chake cha maua ya zambarau kilichozunguka nyumba. Kila alipokipogoa, alirusha matawi bondeni, nyuma ya uzio. Basi, kazi kwisha.

Asubuhi moja mumewe alirudi kutoka bondeni na ng'ombe wao, uso ameukunja.

"Mama Miche, nyasi zimekwisha kule. Maua yako yamejaa tele. Ng'ombe ameyala, sasa hata maji hataki."

"Maua yangu si haya hapa? Hayo ya bondeni sijui nani kayapanda!"

Ng'ombe huyo ndiye aliyewapa watoto wao maziwa. Daktari wa mifugo alimtibu, akaonya kwamba akiyala tena watampoteza. Mama Miche akaingiwa na hofu. Alimwendea wifi yake, aliyefanya kazi kwenye jumba la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, amweleze maua ya bondeni yametoka wapi.

"Niletee tawi," wifi akasema.

Mama Miche akachuma tawi zuri la bustanini, akaliosha likang'aa. Wifi akaangua kicheko.

"Wee wifi, umeniletea bibi harusi? Nataka la bondeni, na vumbi lake! Ya bustanini tunayo tele. Ya nje hatuna hata moja."

Wakateremka pamoja. Walikata tawi lenye majani, maua na matunda. Wakalibana kati ya magazeti, chini ya mbao nzito, wakibadilisha magazeti kila siku hadi likakauka. Wifi akalibandika kwenye karatasi ngumu. Akaandika mahali, tarehe na mchumaji. Kisha akaongeza: "Mmea umejiotea nje ya bustani."

"Mmea unajioteaje?" Mama Miche akauliza.

"Ndege hula matunda, kisha huangusha mbegu popote. Na tawi ukilitupa penye unyevu, huota mizizi. Kumbukumbu kama hii inatuonyesha mmea umefika wapi."

 Mama Miche aliyakumbuka matawi yote aliyoyarusha. Aliona aibu kweli kweli. Kisha akarudi nyumbani kwa mumewe.

"Nipe jembe."

Waling'oa vichaka na mizizi yake kabla matunda hayajaiva, toka bondeni hadi mlangoni. Walivikausha mbali na mifugo, wakavichoma. Machipukizi yalirudi, nao wakarudi na majembe.

Mvua ziliponyesha, nyasi zikaota. Ng'ombe alishiba, na watoto wakanywa maziwa.

"Kile kichaka cha zambarau kiko wapi?" wateja waliuliza.

"Kipo kwa wifi yangu," Mama Miche alijibu. "Amekibandika kwenye karatasi. Huko hakiruki uzio."